Mabati ya Kwaresima

Mabati yalifika kwa Nyanchera siku moja kabla ya Jumuiya kuja kusali kwake, yamefungwa kwa waya juu ya mkokoteni wa punda. Mwenye punda akauliza ayashushe wapi. Nyanchera alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kuchuma chai, kikapu bado kiko mgongoni, akamwambia ayashushe popote. Hakuuliza yametoka kwa nani. Jumapili iliyotangulia yalikuwa yametangazwa kanisani, na aliyeyatoa akaambiwa asimame watu wamwone. Yeye naye akaambiwa asimame, watu wamwone atakayeyapokea. Akasimama na leso yake iliyochanika. Watu wakampigia makofi mtoaji, kisha wakampigia makofi maskini wao, na hayo ya pili yalikuwa machache.

Mtoaji ni Mzee Anyona, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu. Ilikuwa Kwaresima. Padre Gibson alikuwa amehubiri kwamba mwaka huu waumini wasiishie kugawa unga na blanketi. Kila jumuiya ichague familia moja na kutafuta mizizi ya umaskini wake. Maneno mazuri. Jumuiya ikakaa, ikatafuta mizizi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, ikaipata: nyumba ya Nyanchera inavuja.

Kuvuja ilivuja kweli. Lakini toka mlangoni mwa nyumba hiyo hadi chini mtoni ni chai tupu, na chai hiyo ilipandwa na Omosa, mume wa Nyanchera, kwa mikono yake. Omosa alipopigwa na kiharusi, Mzee Anyona alitoa gari lake na pesa za hospitali, na kwa pesa hizo akaikodi chai misimu mitatu. Tangu hapo majani yanapimwa kwa jina lake na bonasi inaingia kwake. Wachumaji ni wake, anawalipa kwa kilo, na mmoja wao ni Nyanchera. Anachuma chai ya mumewe na kulipwa kama mtu aliyevuka mto kutafuta kibarua. Akichanganya majani makubwa, nyapara anamwaga kikapu chake chini mbele ya watu, achambue upya.

Msimu wa tatu ulikuwa unaisha Pasaka. Chai irudi nyumbani au isirudi, hilo ndilo lililomkosesha Nyanchera usingizi. Paa alishalizoea.

*

Jumuiya inayozunguka nyumba kwa nyumba ina sheria ambayo haikuandikwa popote: mwenye nyumba apike chai ya maziwa, sukari ionekane, na mkate ukipatikana itakuwa vizuri zaidi. Nyanchera alikuwa ameruka zamu yake mara mbili, na watu wakasema amepoa katika imani. Mara hii hakutaka kusemwa. Alikwenda kwa Machogu, nyapara wa Mzee Anyona, kumwomba sehemu ya pesa zake kabla mwezi haujaisha. Machogu alikuwa amekaa na wenzake kwenye kituo cha kununulia majani. Akamuuliza kwa sauti kama pesa anazitaka za sukari au za kutafutia mume mwingine, maana yule wa ndani amekwisha. Wanaume wakacheka. Nyanchera akangoja wamalize, kisha akaomba tena, kwa maneno yale yale. Akapewa ya nusu kilo ya sukari, na akaambiwa aseme asante.

Damaris, jirani yake na mweka hazina wa Jumuiya, alimkuta jikoni akipuliza moto. Akakaa kwenye kigoda na kumweleza alichokisikia kwa mke wa Anyona mwenyewe. Mabati si ya bure. Kesho baada ya sala mzee atamwomba Omosa amwachie chai misimu mitano mingine. Ataombwa mbele ya watu, Jumuiya yote iwe shahidi, na katekista akiwemo, ili asije mtu baadaye akaleta maneno.

"Atamwomba Omosa?" Nyanchera akauliza.

"Omosa mwenyewe. Anasema shamba ni la mwanaume."

Wakatazamana. Tangu kiharusi, Omosa alikuwa amebakiwa na neno moja. Ukimuuliza kama ana njaa, anasema ee. Ukimuuliza kama ameshiba, ee. Akilia, Nyanchera humuuliza kama ni mguu, kama ni mgongo, kama ni tumbo, na kila kitu ni ee. Kijiji kizima kilijua. Anyona alijua kuliko wengi, maana kila Jumapili baada ya misa alisimama uani na kumsalimia kupitia dirishani.

"Mkatalie," Damaris akasema. "Simama useme hapana."

"Nitamwambiaje? Ni tata."

Anyona na marehemu baba yake Omosa walinyonya ziwa moja, kwa hiyo kwa Nyanchera yeye ni tata, baba mkwe. Na kati ya baba mkwe na mokamwana, yaani mke wa mwana, kuna chinsoni, heshima ambayo Abagusii hawaifanyii mchezo. Mke hampi mkono, hamtazami usoni, habishani naye. Mzee naye hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe. Miaka yote hiyo Anyona hakuwahi kuvuka mlango ule. Akiwa na neno hulisema kutoka uani, uso ameuelekeza kwenye migomba. Ndiyo sababu Jumuiya ikija hapa hukaa nje.

Nyanchera akaendelea kupuliza moto mpaka ukashika.

"Basi Omosa hatoki kitandani," akasema. "Na mzee haingii. Tuone atamuulizia wapi."

"Wewe," Damaris akacheka, "ungekuwa wakili pale Nyamira tungekuwa tunakulipa."

*

Walikuja mchana na viti vya plastiki vichwani. Katekista Okemwa, mtu mwembamba ambaye posho yake ya mwezi hutoka tu baada ya mwenyekiti kutia sahihi, akaanzisha sala, kisha akafungua kitabu cha Kwaresima. Kila wiki kitabu hicho kina picha, na kila picha ina hatua zake: kwanza kuona, halafu kuamua, halafu kutenda. Picha ya wiki hiyo ilikuwa ya mtoto amesimama nje ya geti, na ndani watu wanakula. Okemwa akaizungusha ili kila mtu aone. Akauliza kwa Kiswahili cha kitabu na kurudia kwa Ekegusii: tunaona nini hapa?

Mmoja akaona geti, akasema ni la pesa nyingi. Mwingine akaona kuku mezani, akasema huyo ni wa kienyeji, na jirani yake akasema hapana, mapaja kama hayo ni ya kuku wa gredi. Mama mmoja akauliza mama yake huyo mtoto yuko wapi. Kisha Mzee Anyona akaomba nafasi. Alikuwa amepewa kiti chenye mikono, akakiweka ubavu kwa nyumba, macho kwa migomba, kama ilivyo desturi. Akasema amefundisha miaka mingi na umaskini anaujua: unaanzia kichwani. Mtu anapewa, anakula, anarudi na mkono umenyooshwa tena. Ndiyo maana yeye hatoi chakula, anatoa mabati. Wakasema amina. Nyanchera alikuwa amesimama nyuma yao na birika la chai, na alisikia kila neno.

Mzee akaendelea, akiiambia migomba, kwamba angependa mwanawe Omosa atolewe nje, kuna jambo la baba na mtoto.

Nyanchera akamwambia Damaris kwamba mgonjwa amelala vibaya, mgongo haumruhusu, na Damaris akamfikishia mzee, ndivyo inavyofanywa. Mzee akakohoa. Hakuweza kusisitiza. Pengine wangefunga kwa sala na kila mtu aende kwake, na mabati yangebaki pale yakiwa na deni lisilosemwa.

Lakini mvua ya msimu huo Nyamira haibishi hodi. Ilishuka na mawe yake, ile inayochana majani ya chai na kuua migomba. Watu wakajitwisha viti na kukimbilia ndani. Wakabanana sebuleni goti kwa goti, beseni zikipokea maji katikati yao, na nyuma ya pazia Omosa akiwa kitandani. Nje alibaki mtu mmoja tu. Mzee Anyona alisimama chini ya ukingo wa paa, koti linalowa mabegani, mawe ya mvua yakimgonga kofia. Wote walimwona kupitia mlangoni na hakuna aliyemwita, kwa sababu hakuna anayemwita mtu avunje chinsoni. Mmoja akasema apelekewe mwavuli. Mwavuli haukuwepo.

Aliyeharibu ni Okemwa.

"Mwenyekiti, ingia tu," akasema. "Sisi ni Wakristo. Katika Kristo mambo hayo yaliisha."

Alisema hivyo kwa huruma au kwa posho yake, hata mwenyewe asingeweza kukwambia. Mzee Anyona akautazama mlango. Akaliona pazia. Akavua kofia, akaingia.

Akina mama wazee wakainamisha vichwa kama watu waliomwona mtu uchi.

"Ni kweli," mzee akasema, akijipangusa uso. "Haya ya zamani yametuchelewesha sana. Mbele ya Kristo sisi sote ni ndugu."

Na kwa kuwa sasa alikuwa ndani, akalivuta pazia mwenyewe.

"Mwanangu Omosa. Unanifahamu?"

"Ee."

"Nimekuletea mabati. Umefurahi?"

"Ee."

Aliongea taratibu, kwa sauti ya upole. Machoni pake mwenyewe Anyona hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemfundisha Omosa katekisimu, akamsimamia siku ya Kipaimara, na kumwona amekauka upande mmoja namna ile kulimuuma kweli. Kulimuuma huku akiiwazia mbolea na bonasi. Watu kama hao ndio wagumu, kwa sababu wanakunyonya na machozi yao ni ya kweli.

"Chai yako nimeitunza," akasema. "Wengine wangeiacha ikawa kichaka. Sasa niache niendelee nayo misimu mitano, na nyumba tutakujengea. Unakubali?"

"Ee," Omosa akasema.

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia. Katekista, wewe umesikia."

Nyanchera akaweka birika sakafuni. Damaris akamshika leso, na leso ikabaki mkononi mwa Damaris. Nyanchera akapita katikati ya magoti ya watu mpaka akasimama mbele ya mzee, karibu kuliko alivyowahi kusimama tangu aolewe, akainua macho akamtazama usoni.

"Tata, umesema mambo hayo yameisha."

"Mokamwana, rudi nyuma."

"Umevuka mlango wangu. Umefungua pazia la kitanda changu. Kama yameisha kwako, yameisha na kwangu. Sasa na mimi nitauliza."

Akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika mkono wa Omosa ule uliokufa. Alijua anachokwenda kumfanyia. Kiharusi kilichukua maneno ya Omosa, akili hakikuichukua, na katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa na hakika ya hilo.

"Ise Mokeira," akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyomwita siku zote. "Wewe ni mwanamke?"

"Ee."

Mtu akacheka huko nyuma, akajikatiza.

"Wewe ni padre?"

"Ee."

"Ng'ombe wote wa tata Anyona ni wako? Na gari lake?"

"Ee."

Hapo wakacheka wote, kwa sababu ilichekesha, na hata Okemwa alificha mdomo kwa kitabu. Nyanchera akawaacha wacheke. Machozi ya Omosa yalikuwa yanashuka kwenye shavu lile lililo hai, na kadiri watu walivyoyaona ndivyo kicheko kilivyopungua, mpaka ikabaki sauti ya maji kwenye beseni.

"Nisamehe," akamwambia mumewe. "Imebaki moja. Huyu tata ni mwizi?"

Omosa akageuza macho polepole mpaka yakamfikia Anyona. Akamtazama.

"Ee," akasema.

Hakuna mtu mle ndani aliyeweza kuapa kwamba ee hiyo ilikuwa sawa na zile nyingine.

Mzee Anyona akatoka nje kwenye mvua, kichwa wazi. Okemwa akafungua ukurasa wa kutenda, kwa sababu kikao lazima kiishe kwa tendo. Jumuiya ikajadili. Ikaamua mambo mawili: kusali rozari kwa ajili ya amani katika familia, na kuchangia godoro. Nyanchera akawamiminia chai. Waliinywa yote, na mmoja akauliza kama sukari imebaki.

*

Siku iliyofuata mkokoteni ulirudi kuchukua mabati. Mwenye punda hakumtazama Nyanchera machoni, akasema yeye ametumwa tu. Nyanchera akamsaidia kuyapakia, akashika upande wa pili ili yasimkate mikono. Machogu naye akatuma habari kwamba asionekane tena kwenye chai. Pesa za siku alizokwisha kuchuma, akaambiwa zimekwenda kwenye sukari.

Padre Gibson akamwita parokiani. Akampa kiti na kumuuliza hali ya mgonjwa. Akasema amesikia yaliyotokea, na hakatai kwamba pana ukweli ndani yake, ila namna ile ya kumwaibisha mzee mbele za watu imeumiza wengi. Mzee Anyona amelisaidia sana kanisa hili, ukumbi ule usingefika kwenye linta bila yeye. Jambo hili, akasema, lina mahali pake. Litapelekwa kwa kamati ya Haki na Amani.

"Mwenyekiti wa hiyo kamati ni nani, Padre?"

Padre akazipanga kalamu zake mezani, akazipanga tena. Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa Mzee Anyona.

"Ulisema tutafute mizizi," Nyanchera akasema. "Mimi mzizi wangu nimewaonyesha, uko pale pale, watu wameuona kwa macho. Mkaleta godoro."

"Mama Mokeira, Kanisa lina taratibu zake. Hatuwezi kuamka tu na kuwagombanisha waumini."

"Padre, hatujagombana. Mimi nimenyang'anywa."

Akamwambia avumilie, Pasaka iko karibu. Kisha akasema waombe pamoja kabla hajaondoka. Nyanchera akamwambia aombe tu, na akatoka akimwacha padre mkono uko kwenye paji la uso.

*

Pasaka ikapita, na msimu ukaisha. Asubuhi ya siku ya kwanza ya kuchuma, Nyanchera akaingia kwenye chai na Damaris, kila mmoja na kikapu chake. Hawakuwa wamefika mbali Machogu alipotokea na wachumaji wake. Akawaambia watoke. Damaris akamuuliza yeye ametumwa na nani, na Machogu akatoa simu.

Mzee Anyona alikuja na gari. Alikuja na naibu wa chifu, na kwenye kiti cha nyuma alimleta Okemwa, amevaa koti lake la Jumapili. Wakasimama kwenye ukingo wa shamba. Wachumaji, wengi wao akina mama wa Jumuiya ile ile, wakakaa kwenye njia kati ya mistari ya chai, vikapu vitupu migongoni, wakitaka kujua kama leo kuna kazi.

Naibu wa chifu akauliza kama muda wa kukodi umeisha. Mzee akasema uliisha na ukaongezwa, mwenye shamba amekubali kwa kinywa chake mbele ya Jumuiya nzima, na shahidi ni huyu hapa, mtu wa kanisa.

"Katekista, ni kweli? Omosa alikubali?"

Okemwa hakuwa shujaa. Alikuwa amekuja kusema ndiyo, mkewe alikuwa amemwambia aseme ndiyo, na njia nzima garini alikuwa akiifanyia mazoezi moyoni. Akafungua mdomo. Akawaona wale akina mama kwenye njia ya chai. Walikuwemo ndani ya nyumba siku ile, kila mmoja wao, na sasa walikuwa wanamtazama yeye.

"Omosa alisema ee," akasema.

"Basi," Mzee Anyona akasema.

"Alisema mara nyingi." Okemwa alikuwa anaongea na viatu vyake. "Chifu, nikiishuhudia ile moja, itabidi nizishuhudie zote. Mpaka ile ya mwisho."

"Ya mwisho ilikuwa kuhusu nini?"

Okemwa akaivuta kofia karibu na macho. Akina mama nao hawakucheka safari hii. Mmoja alishusha kikapu mgongoni, akakiweka chini na kukaa vizuri ili asikie. Naibu wa chifu akawatazama, akamtazama katekista, kisha akamgeukia mzee kama mtu aliyeanza kunusa jambo.

"Ilikuwa kuhusu nini?" akauliza tena.

Mzee Anyona akasema hapana haja. Akasema mambo ya familia hayafanywi kesi, na jua limeanza kuwa kali. Akasema chai hiyo yenyewe imechoka, haimlipi, waichukue tu, yeye amewaachia. Hata hapo aliongea kama mtu anayetoa. Akaingia garini, na naibu wa chifu akalazimika kukimbia kidogo ili asiachwe. Okemwa hakuambiwa aingie.

Machogu akabaki kwenye njia na simu mkononi, hajui atoe amri gani. Baadhi ya wachumaji wakaenda zao kutafuta kibarua kwingine. Wengine wakabaki, hawakuuliza malipo, wakaingia kwenye mistari.

Okemwa naye alibaki. Alijua mwezi huu posho haitatoka, na pengine haitatoka tena kamwe. Akasogea mpaka alipokuwa Nyanchera, akavua kofia, akasema kwamba labda ingefaa wasimame kidogo, wote waliopo, wamshukuru Mungu kwa jambo alilolitenda leo.

Nyanchera hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa inakwenda juu ya chai, jani na jani, haraka, na hasira yake ilikuwa bado haijapata pa kwenda. Nyumba ilikuwa bado inavuja. Omosa alikuwa bado hajamtazama usoni tangu siku ile.

"Kuna kikapu pale chini ya mgomba, katekista," akasema. "Gari la majani linapita saa nane."